Albamu Isiyo na Jina la Mama

Jirani yetu, mama muuza makaa yatokayo Mutshatsha, alitajwa mara moja kwenye wimbo. Mara moja tu, tena na mpwa wake mwenyewe, mpiga gitaa wa bendi moja hapa Kolwezi. Tangu siku ile mtaa wetu haujapumua. Kila asubuhi anaweka redio dirishani, na wimbo ukifika pale penye jina lake anaongeza sauti, kana kwamba yupo kiziwi ambaye hajapata habari. Mama yangu alikuwa akifagia ua wakati huo, na ufagio ulipata taabu.

Nyimbo za kwetu ndivyo zilivyo. Maneno yakiisha na gitaa likabaki peke yake, mwimbaji anatupa majina: la tajiri aliyemnunulia suti, la shangazi aliyemlisha, la daktari wa mtoto. Tunaita libanga. Usipomtaja aliyekusaidia, umemtukana mbele za watu.

Basi Mungu akamletea mama yangu mpangaji. Alikuwa binti wa Ayalandi, amekuja kufundisha Kiingereza watoto wa wahandisi wa mgodini, na gitaa mgongoni. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, za polepole na za huzuni, na alitaka kutoa albamu yake ya kwanza. Mimi ni fundi wa sauti za harusi, kwa hiyo tukarekodi stoo kwetu, tukiwa tumezungukwa na magunia ya unga ili ngurumo za malori ya madini ya Fungurume zisiingie. Honi moja iliingia hata hivyo. Akaipenda, akaiacha.

Mama alimlisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo mpaka akapata mashavu. Akamfundisha na Kiswahili chetu, hata kuniita yaya, yaani mkubwa wake. Mimi nikabaki kuulizwa swali lilelile.

"Jina yangu mulishaitia?"

"Bado, mama."

"Muitie kwa mwisho. Kwa mwisho njo batu banasikiaka muzuri."

Nikafikisha ujumbe. Mwimbaji akacheka, kisha akakataa. Nyimbo zake ni za mambo ya moyoni, alisema. Kutia majina humo ni sawa na kubandika tangazo la biashara kwenye barua ya mapenzi.

"Yaya, mi siwezi. Kwetu tunaandikaka aksanti kwa karatasi ya albamu."

"Mama hasomaki karatasi," nikamwambia. "Anasikiaka."

Nilimweleza mama ukweli wote. Hakuamini hata neno. "Ule mutoto iko na adabu," alisema, akaenda zake kualika kwaya nzima ya parokia. Jirani muuza makaa akawekewa kiti cha mbele kabisa, mahali ambapo jina la mama lingempiga usoni bila kizuizi.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Mama alivaa kitenge kipya, nami nikawasha mashini ya kurekodi. Binti akafumba macho akaimba kama mtu anayelinong'oneza gitaa siri. Akina mama wa kwaya, kwa heshima zao zote, waliona pale ni kilio cha msiba tu: mmoja akalegeza kilemba, mwingine akaanza kusema "pole, mama, pole." Kila gitaa lilipobaki peke yake, mama yangu alijiweka sawa kitini, tayari kusimama na kupunga mkono. Kila maneno yaliporudi, alishuka tena. Wimbo wa kwanza, hakuna jina. Wa pili, hakuna. Hata wa tano.

Jirani akageuka polepole. "Pengine jina yako ingali inavaa viatu."

Niliona aibu, kisha hasira. Halafu nikaona mikono ya mama imelala mapajani, nikataka kulia.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kumlilia mama yake mwimbaji, aliyefariki kabla binti hajaja huku, kama alivyotusimulia mezani. Ndio uliokuwa na sehemu ndefu kuliko zote ya gitaa peke yake. Ilipofika, mama yangu akasimama. Nikajua anakwenda kujitaja mwenyewe, nikafunika uso.

Akamwita marehemu: "Mama," akaongeza jina la yule binti, jinsi tunavyomwita kila mwanamke aliyezaa. Aliita kwa sauti ile ya kuitia watoto ng'ambo ya reli.

"Mutoto wako iko hapa! Anakula muzuri! Anaimba muzuri! Lala, mwenzangu!"

Kwaya ikapiga vigelegele. Gitaa likanyamaza. Ukumbi mzima ukasubiri binti ajibu kwa kulitupa jina la mama, lakini hakuweza kutupa chochote. Alishuka jukwaani analia mpaka kamasi, akaficha uso kwenye kitenge kipya cha mama.

Mlangoni jirani akanivuta shati. "Mashini ilikamata?"

"Ilikamata."

"Na vigelegele? Cha kwanza kilikuwa changu."

Binti alikataa kutumia wimbo tuliorekodi stoo, akachukua huo wa ukumbini. Albamu ikatoka hivyo: jina lililotupwa ni moja tu, na si la mama. Nilimwambia kwa woga, nikitazama pembeni.

"Nafasi ilikuwa moya," akasema, akiendelea kutwanga sombe. "Mwenzangu iko mbali. Mi niko hapa, bataniita tu."