Wivu wa Sista wa Chuo

Mwalimu mpya wa michezo alifika chuoni kwetu mwanzo wa mwaka, katikati ya miaka ya tisini, na kabla mvua ndefu hazijaisha mume wangu alikuwa ameacha kutia sukari kwenye chai.

Hiyo sukari ndiyo iliyoniuma kwanza. Mimi nilikuwa nesi wa chuo, chuo cha ualimu kilichozungukwa na mashamba ya majani chai, kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet. Wanafunzi na walimu wote waliniita sista. Mume wangu alifundisha hesabu hapo hapo. Kwa asili sisi ni watu wa ziwani, ingawa mimi nilizaliwa huku huku, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Mume wangu alikuwa na presha. Nilimpima mwenyewe, nikamweleza mwenyewe, nikampikia chakula cha chumvi kidogo, naye akawa anavuka ua kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Nilipomsihi apunguze sukari, alicheka.

"Mama, sisi tunaishi ndani ya chai," aliniambia. "Nikiinywa bila sukari nitakuwa nimetukana shamba lote."

Halafu jioni moja nikamwekea kikombe na bakuli la sukari kama kawaida, akalisukuma lile bakuli kando kwa kidole.

"Mwalimu wa michezo anasema sukari nyingi inachosha moyo," alisema, kama mtu anayeniletea habari mpya kutoka mbali.

Nililichukua lile bakuli, nikalirudisha kabatini.

Ningependa kusema kwamba mwalimu huyo alikuwa na maringo, lakini hakuwa nayo. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Ndanai, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye zamani alikuwa amekimbia mashindano hadi goti likamkataa. Alisalimia watu wote, kuanzia mkuu wa chuo hadi mlinzi wa geti, na kila aliyesalimiwa aliona kama amesubiriwa yeye peke yake. Hata mimi. Nadhani hapo ndipo nilipozidi kuumia, maana mtu asiye na kasoro hamwachii mwenye wivu hata pa kushika.

Alianzisha mbio za Jumamosi asubuhi. Si za wanafunzi tu. Walikimbia wapishi, wapiga chapa wa ofisini, walimu wenye mvi. Walitoka getini, wakafuata barabara ya udongo katikati ya majani chai mpaka njia panda ya kiwanda, wakarudi. Asiyeweza kukimbia alitembea. Wakirudi walikaa kwenye nyasi, wakanywa uji, wakazungumza. Hakuna aliyehutubia. Mwanafunzi angesema hapati usingizi kwa ajili ya mitihani, mwalimu mmoja angesema pombe inamshinda, mwingine angeuliza kuhusu ukimwi, neno ambalo wakati ule watu walilisema huku wakiangalia chini. Mimi nilikuwa nimehutubia ukimwi katika ukumbi wa chuo kila muhula, nikiwa na picha na fimbo ya kuonyeshea, na nusu ya ukumbi ilikuwa ikisinzia.

Kwenye paredi ya Jumatatu moja mkuu wa chuo alimwita mbele.

"Tangu mwalimu huyu aje," alisema, "foleni ya zahanati imepungua."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, nikiwa nimesimama nyuma pamoja na wapishi. Foleni ile ilikuwa yangu. Ilikuwa ya watu waliokuja kwangu na vichwa, matumbo na vikohozi vyao, nikawatibu, na sasa upungufu wake ndio uliokuwa sifa ya mtu mwingine.

Mume wangu alinunua raba nyeupe sokoni Bomet. Mtu ambaye hajawahi kusuuza kikombe alikuwa akizisugua kwa brashi na kuzianika mlangoni. Akirudi kutoka mbio, jasho likimtiririka, alikuwa na maneno mengi.

"Anasema mtu apumue kwa tumbo."

"Na mimi miaka hii yote nilikuambia upumue kwa nini?"

Alicheka tu. Alifikiri nafanya mzaha.

Jumamosi moja nilishindwa kukaa dirishani. Nilifunga kitambaa kichwani, nikavaa viatu vyangu vya kazi, nikaenda kukimbia nao. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Niliona migongo ya watu, basi, kwa sababu kufika kwenye kilima cha kwanza nilikuwa wa mwisho pamoja na mpishi mzee wa uji. Kisha nikamwona mwalimu wa michezo anarudi nyuma kutoka mbele kabisa, hadi akawa kando yangu.

"Polepole, sista," alisema. "Ukiona huwezi kuongea, ujue umezidisha."

Ningeweza kuongea. Maneno niliyokuwa nayo ndiyo hayakufaa. Mbele yetu mume wangu aligeuka kutazama nyuma, na njia yote iliyobaki nilijiuliza alikuwa anamtazama nani kati yetu.

Muhula wa pili, alasiri moja ya mvua, mwalimu huyo alibisha mlango wa nyuma wa zahanati. Alikuwa na msichana wa mwaka wa mwisho, ambaye nyumbani kwao ni upande wa Longisa. Wote wawili walikuwa wamelowa.

"Sista, huyu nimemleta kwako," alisema. "Hii si ya kukimbia. Mimi siwezi."

Nilimjua yule msichana kwa sura tu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Nilimketisha, nikamwomba mwalimu angoje nje, nikaanza kumuuliza. Alikuwa akikohoa tangu likizo. Usiku alitoka jasho hadi akabadilisha shuka. Wiki ile, kwenye mbio, alikuwa amejitenga na wenzake, akakohoa kwenye leso, na mwalimu akaona damu.

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Lakini swali lililonitoka halikuwa la kinesi.

"Kwa nini hukuja kwangu? Mimi niko hapa kila siku. Kwa nini ulienda kwa mwalimu wa michezo?"

Aliikunja leso yake mkononi.

"Sista, nilikuja," alisema. "Nilipanga foleni. Lakini pale dirishani unauliza, 'Na wewe una nini?' Na walio nyuma wote wananyamaza wasikie. Nikisema nakohoa na nimekonda, watasema nina ule ugonjwa. Nilitoka kwenye foleni nikarudi bwenini."

Dirisha hilo lilitazamana na njia ya kwenda bwalo la chakula. Lilikuwepo hivyo nilipoajiriwa, nami nililipenda kwa sababu liliingiza mwanga. Sikuwahi kusimama upande wa pili wake.

Asubuhi yake nilimpeleka hospitali ya wilaya kwa gari la chuo. Walipima makohozi, wakampiga picha ya kifua. Ilikuwa TB. Alipoambiwa kwamba inatibika, alilia kwa sauti, kisha akauliza kama ataruhusiwa kufanya mtihani wake. Alilazwa kwa muda, na aliporudi chuoni matibabu yaliendelea mikononi mwangu. Sindano nilimchoma mimi, vidonge alivimeza mbele yangu. Wasichana wa chumba chake niliwaita mmoja mmoja, nikawapima, nikawaeleza. Na fundi wa chuo alinijengea benchi chini ya paa la nyuma, ili watu wangoje huko, na aingie mmoja na mlango ufungwe. Lile dirisha nikalitia pazia.

Foleni ilirudi. Ilikuwa ndefu kuliko zamani, na watu walikuja na mambo ambayo hawakuwahi kuniletea. Siku ya kwanza mlango ulipofungwa, aliyeingia akakaa alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kelele na utani. Alilia tu. Nilimwacha alie.

Ungedhani hapo wivu ulikwisha. Haukuisha. Msichana alianza kunenepa, akarudisha rangi, na kwenye ibada ya Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu na mwalimu wa michezo aliyemwona akikohoa. Mimi nilikuwa kiti cha tatu. Nilisema amina pamoja na wengine.

Kisha mama yake akaja kutoka kwao. Alinikuta kwenye mlango wa zahanati, amevaa shuka juu ya sweta, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala na majivu yake.

"Mimi natafuta mwalimu ya mbio," alisema. "Yule aliponyesha mtoto yangu."

Nilimwambia mwalimu amekwenda mjini, atarudi jioni. Alitazama jua, akatazama njia ya kwao, akanikabidhi kibuyu.

"Basi wewe mpelekee, mama. Mwambie ni shukrani."

Nilikaa na kile kibuyu mezani alasiri nzima. Kilinukia vizuri. Jioni nilikibeba, nikakatiza kiwanja cha mpira hadi nyumbani kwa mwalimu, nikamweleza kilikotoka. Hakukipokea mara moja.

"Hii ulipaswa kupewa wewe," alisema. "Ningekuwa peke yangu, yule mtoto angekufa akinywa uji kwenye nyasi. Hukumwambia mama yake?"

"Alikuwa na haraka."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya niangalie pembeni.

"Sista, najua hunipendi sana," alisema taratibu. "Kaa tunywe."

Nilikaa. Alileta vikombe viwili, akatikisa kibuyu, akanimiminia mimi kwanza. Tulikunywa bila maneno mengi. Aliniambia goti lake linamuuma kila Jumamosi na hajamwambia mtu, kwa kuogopa kuonekana mwalimu wa michezo mgonjwa. Nilimwambia aje kesho, apitie mlango wa nyuma. Alikuja.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja. Mimi nilikaa na watu kwenye nyasi, yeye alinitumia wagonjwa. Msichana wetu alifanya mtihani wake, akapita, akapangiwa shule ya msingi karibu na Chepilat. Presha ya mume wangu ilishuka, na namba niliziona mwenyewe kwenye kipimo changu. Nilifurahi kama mke na kama nesi, huku kitu kidogo kikinichoma kwamba haikushuka kwa ajili yangu.

Mwaka uliofuata mwalimu wa michezo alihamishwa. Siku ya kumuaga, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Wanafunzi waliimba, wapishi walimvisha shada la majani chai, na kila aliyesimama kusema aliishia kulia. Niliwatazama nikijiuliza kama siku yangu ikifika watalia hivyo. Kisha nami nikaona macho yananijaa, na sikuwa na kitambaa. Nilimgeukia mume wangu aniazime leso yake. Alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa koti. Leso alikuwa amekwisha kumpa mwalimu wa michezo.