Ng'ombe wa Baba Yake

Ziwa lilipopanda na kumeza shule ya jirani, watoto wake waliletwa kwetu, wakabanana na wetu kwenye mabenchi. Baadaye wakaja wa milimani, waliokimbia vita. Nilikuwa nafundisha darasa la nne, na somo lililonitesa lilikuwa lile la "mara ngapi". Ukiwaambia mama mmoja ana samaki wanne na jirani yake anao mara tatu ya hao, nusu ya darasa wanaandika saba. Wamesikia tatu, wamejumlisha. Nilileta ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka jikoni kwangu nikawapanga mezani kwa mafungu: hili la mama, jirani ana kama hili, na hili, na hili.

Msichana mmoja wa Bijombo, huko milimani, alielewa siku ileile. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, na hakuvua sweta hata kwenye joto letu. Nikataka kumfurahisha, nikamwita ubaoni nikamtungia hesabu ya kwao: baba yako ana ng'ombe watano, baba yako mkubwa anao mara tatu ya hao. Aliweka chaki chini, akarudi kukaa. Tangu hapo hakujibu swali lolote, liwe la ng'ombe au la samaki.

Nilimfuata bibi yake, ambaye kanisa lilikuwa limempa chumba. Nilimkuta anamenya mihogo. Akanisimulia kwamba watu wenye silaha waliwaswaga ng'ombe wote asubuhi moja, na baba wa mtoto akawafuata kuomba arudishiwe hata mmoja mwenye maziwa. Walimuua, na ndugu zake wakamzika kulekule alikoanguka. Binti yake hakuuona mwili wake.

Niliomba radhi. Nikasema sitataja tena ng'ombe darasani, nitatumia mawe.

Bibi yule aliacha kisu. "Hapana, madamu. Umuulize tu. Hapa mujini hakuna mutu anamuuliza habari ya zile ng'ombe. Akinyamaza atazisahau, na baba yake pamoja nazo."

Sikushawishika. Hata hivyo, somo lililofuata niliwaambia watoto kila mmoja atunge hesabu yake. Zamu ya yule msichana ilipofika alisimama.

"Babu alikuwa na ng'ombe wanne," akasema. "Baba alikuwa nao mara tatu ya hao. Baba alikuwa na wangapi?"

Mmoja akasema saba. Hakumkasirikia. Alikwenda ubaoni akachora vichwa vyenye pembe, fungu baada ya fungu, kila ng'ombe na alama yake: huyu pembe imevunjika, huyu ana doa usoni. Darasa zima lilikuwa linamtazama. Alipomaliza fungu la tatu alianza kulia, chaki bado mkononi, nami sikumzuia.

Kabla ya mitihani risasi zilifika mjini. Shule ilifungwa, na wengi wetu tukavukia Burundi. Tuliporudi, kila mtoto alipata nafasi ya kutosha kwenye benchi. Chumba cha yule bibi na mjukuu wake kilikuwa na watu wengine. Kuna aliyesema amewaona kambini, ng'ambo; mwingine akasema walirudi milimani. Kila anayeshuka kutoka Bijombo namuuliza. Wanaoshuka ni wachache, na wao pia huja wakitafuta watu wao.