Mama Yuko kwa Nani?

Sisi tumezaliwa tisa, na mama yetu alipotea siku kumi na tisa bila hata mmoja wetu kushtuka.

Usiniulize inawezekanaje. Soma.

Mimi ni msusi, kitinda mimba wa familia. Saluni yangu haikauki watu, nyumba yangu haikauki wageni. Umbea nao siufichi, ni chakula changu. Najua nani kaachwa, nani karudiwa na nani anajifanya hajaachwa.

Mama yangu mwenyewe sikujua yuko wapi.

Mama alizaliwa wa pili kati ya watoto kumi na mmoja. Alibeba wadogo zake mgongoni mpaka akaolewa, akaja kutubeba sisi. Baba alifariki mimi nikiwa tumboni. Kuanzia hapo mama alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Vidole vilikuwa vimekunjamana muda wote kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Alipozeeka tukafungua kundi kwenye simu, tukapanga zamu. Kila mtoto akae naye mwezi. Aliyepanga ni kaka mkubwa, tunamwita Mwenyekiti kwa vile anapenda vikao kuliko mkewe.

Zamu yangu ikaisha, ikawa inafuata ya dada yetu fundi cherehani. Asubuhi ile dada akaandika kwenye kundi kwamba mwezi huu arukwe, ana wageni. Watu wakamwaga makopa mekundu ya mapenzi.

Mimi nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti, sikusoma.

Nikampandisha mama kwenye teksi na begi lake, nikarudi kwenye nywele.

Siku ya kumi na tisa dada kanipigia. Akapiga stori weee, halafu akauliza kama mama bado anakohoa.

Si nilimpeleka kwake?

Nikamjibu kikohozi kimepungua. Aibu, jamani. Ningemwambia nini?

Nikawapigia waliobaki, mmoja mmoja, nikiwachokonoa kimbea bila kusema shida yangu. Wote hawakuwa na wasiwasi. Huyu anadhani mama yuko kwa yule, yule anadhani yuko kwangu.

Siku mbili sikula. Mteja wangu mmoja, mfanyakazi wa nyumba ya wageni, ndiye aliyenifumbua macho. Nimemsuka nusu kichwa, akanisifia mama yangu: umri ule na bado anapiga pasi vile! Anamwona kila akipeleka mashuka kwa dobi.

Nilimwacha na nusu kichwa chake.

Nikamkuta mama chumba cha nyuma, mvuke umejaa, amesimama mbele ya meza ya pasi. Nikamwamkia. Akaitikia kama vile tuliachana asubuhi, akanipa ncha mbili za shuka tukunje.

Tukawa tunakunja huku ananisimulia. Alifika mlangoni kwa dada, akamsikia ndani akicheka na wageni wake, anawaambia mwezi huu afadhali anapumua, zamu yake ya bibi imerukwa. Mama hakubisha hodi. Akamwambia dereva ageuze, akaja kwa dobi ambaye zamani alifundishwa kazi na mama mwenyewe. Dobi akampa kitanda stoo.

Nikamwambia, "Mama, chukua begi twende nyumbani."

"Kwako mko wangapi sasa?"

Nikahesabu. Mume, watoto wanne, wifi na mwanawe, rafiki yangu aliyegombana na mumewe.

"Nitalala wapi?"

Nikafikiria sebuleni. Siku hizi wifi ndiye yuko sebuleni. Nikafikiria kwa watoto. Nikafikiria wifi atanuna vipi nikimhamisha.

Tulikuwa tumekutana katikati, shuka limeshakunjwa. Mama akalichukua mikononi mwangu taratibu.

"Niliwalaza tisa chumba kimoja, mwanangu. Sikuwahi kufikiria muda mrefu namna hiyo."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisimlowanishie mashuka ya watu.

Halafu akasema, "Waambie wenzako niko kwako. Wasije wakagombana."

Jioni nikaandika kwenye kundi: mama naendelea kukaa naye mimi, zamu ziacheni.

Makopa yakamiminika. Dada akaniita malaika.

Nilijiapiza wifi akiondoka tu, namfuata mama. Wifi hakuondoka. Ndugu wakimtaka mama kwenye simu nasema kalala. Hakuna aliyepiga mara ya pili.

Mimi nilikwenda kumwona mara mbili. Katika wiki saba.

Wiki ya nane, saa nne asubuhi, dobi akanipigia. Mama aliomba apumzike kidogo, akaegemea rundo la mashuka makavu. Walipokwenda kumwamsha, hakuamka.

Wote niliwaambia amefia kwangu. Mume wangu alinisikia, akaangalia chini.

Kwenye mazishi Mwenyekiti alisimama mbele ya umati. Akasema tumezaliwa tisa, lakini mama alikuwa na mtoto mmoja tu aliyemtunza mpaka pumzi ya mwisho. Akanishika mkono, akanisimamisha watu wanione. Watu walilia.

Dobi alikuwa safu ya nyuma. Tukatazamana. Akaondoka kabla ya wengine.

Sasa hivi kwenye ukoo mimi ndiye mfano. Watoto wakiwajibu vibaya mama zao wanaambiwa waje kwangu wafundwe.

Juzi dada alikuja saluni. Akataka kujua mama alisema nini mara ya mwisho, kama alimtaja.

Nikamtungia. Nikamwambia mama alimsamehe kila kitu.

Akanikumbatia, akalia mpaka nguo yangu ikalowa bega zima.

Wewe mwenye ndugu wengi, sikia. Mtunze mama yako kama vile umezaliwa peke yako. Sisi tulikuwa tisa, na wa kumpokea alikosekana.