Mama na Maneno Yanayofanana

Nikisikia harufu ya wanga na mkaa kwenye nguo inayopigwa pasi, hadi leo najiona nimekaa kibarazani kwetu Mbagala, daftari la Kiingereza mapajani, machozi yananilengalenga.

Mwalimu wetu wa kidato cha kwanza alikuwa akitupa imla kila Ijumaa, tena ya maneno yenye sauti moja: "sea" na "see", "week" na "weak". Anataja sentensi, wewe unaandika neno linalostahili. Nilishafeli mara tatu. Akanitangazia mbele ya wote kwamba nikifeli tena, Jumatatu narudishwa darasa la matayarisho, nikaanze upya na wadogo zangu. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama, aliyetulea kwa kupiga pasi nguo za watu, aliposikia akasema, "Harudi mtu nyuma hapa. Lete hilo daftari."

Basi siku nne mfululizo, nikitoka shule tu, pasi inakwenda na mie nasomeshwa. Ila Mama aliyasoma yalivyoandikwa, Kiswahili kabisa: "se-a" bahari, "se-e" kuona, "we-e-k" wiki, "we-a-k" dhaifu. Nikikosea anagonga meza, "Rudia!" Narudia mpaka koo linakauka. Siku ya tatu shoga zangu wawili walipita, wakaangua kicheko. "He! Mama'ko naye, Kiingereza cha wapi hicho?" Kwa aibu nami nikacheka nao, Mama akisikia. Hakuinua uso. Akasema tu, "Rudia."

Ijumaa sikukosa hata moja.

Miaka mitatu baadaye, Mzungu mmoja aliyefikia gesti ya jirani alikuja kulalamikia shati lake. Mama akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka, akamtuliza mpaka akaondoka anatabasamu.

"Mama, kumbe unajua?"

"Nimefanya kazi za ndani kwa Wazungu miaka sita, nisijue?"

"Sasa mbona ulikuwa unanisomea vile?"

"Ningeyasoma vizuri yangesikika yaleyale, herufi hazisikiki. Ungeshika nini?"

Nilidhani siku ile alinyamaza kwa kutojua. Kumbe angeweza kuwafunga mdomo wale wasichana kwa sentensi moja, akakubali achekwe, na mwanawe akiwa miongoni mwa wanaocheka. Inaniuma sana. Kila nikitaka kumwomba radhi, ananiambia nimpishe, nguo za watu zinasubiri.