RAM ya Kasi na Mwenzake

Fundi wa kompyuta wa pale kona hutembea kama anakimbizwa na mvua, na ulimi wake nao hauko nyuma. Lakini akishika RAM, kile kibamba cha kumbukumbu ya kompyuta, hutulia kabisa. Kwanza hugusa chuma cha kasha, umeme wa mwilini usije ukaiunguza, kisha huinyanyua kwa kingo zake kama kifaranga cha jana. Bibi aliyeleta kompyuta yake ya nyumbani, iliyochoka hata kufungua picha za wajukuu, alikaa akiitazama mikono ile na moyo wake ukaridhika.

"Hii ya zamani tunaitoa, mama. Tunaweka mbili mpya za kasi, mashine itapaa!"

"Hiyo aliiweka marehemu mume wangu," bibi alisema. "Wiki nzima alinitambia, utadhani kajenga ghorofa."

Fundi akaitazama ile ya zamani mkononi mwake. Akairudisha ile ya zamani mahali pake, akaibonyeza taratibu mpaka ikalia ta, kisha akapachika mpya moja ubavuni mwake.

"Zitaelewana, mwanangu?"

"Zitaelewana, mama. Ila hii ya kasi itapunguza mwendo, iende sawa na mwenzake. Ndivyo zilivyo."

Mashine ikawaka, wajukuu wakajaa kioo kizima. Fundi akaibeba begani kumsindikiza bibi hadi barabarani, na wenye maduka jirani wakachungulia kulikoni, maana mtu yule alikuwa akitembea polepole, hatua yake sawa na ya bibi.