Siku Mama Alipomwamkia Polisi wa Mpakani

Nilikwenda Ujerumani kwa miezi michache kujifunza kutengeneza mashine za boti, kazi ninayoifanya hapa Ghuba ya Chole. Jumamosi moja nikasikia kuna tiketi rahisi ya siku nzima ya treni za mikoani, zile zinazosimama kila kituo, na kwamba inakufikisha hadi mji wa kwanza wa Austria na kukurudisha. Nikaona nisije nikarudi Mafia na nchi moja tu ya kusimulia.

Kwenda hakukuwa na neno. Nilikaa dirishani nikiusubiri mpaka, nisiuone. Mimi mtu wa kisiwani. Kwangu mimi, kutoka kwenu kwenda kwa watu lazima upande chombo na ulowe kidogo. Huku tulivuka daraja la mto, abiria hata mmoja hakuinua macho, na tayari tuko nchi nyingine. Nikatembea mjini, nikala mkate niliobeba, alasiri nikapanda treni kurudi.

Humo ndimo nilimompigia mama simu ya video. Alikuwa kwetu Miburani, huku Mafia, uani kwa jirani, na wenzake wakikuna nazi za shughuli. Akaizungusha simu kila mmoja anione.

"Mwanangu yuko kwenye treni, anatoka nchi nyingine!"

Nami nikazidi kujitutumua, nikawaonyesha milima, viti, hata taa za behewa.

Treni iliposimama kituo cha kwanza cha Ujerumani, wakaingia polisi wawili. Behewa lilikuwa limejaa, lakini walinijia mimi moja kwa moja. Mmoja wao, kijana ambaye ndevu hata hazijakolea, akaniambia kwa Kiingereza nitoe pasipoti. Nikapapasa koti. Nikapapasa begi. Pasipoti nilikuwa nimeiacha chumbani, ndani ya sanduku.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Simu nikaiweka kitini, ikitazama juu, na mama bado yumo.

"Mwanangu, kuna nini? Nani huyo?"

"Polisi, mama. Nitakupigia."

Nikainama nikate simu, polisi akanizuia kwa mkono. Mama akauona ule mkono. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake:

"Shikamoo, baba. Shikamoo. Huyo mwanangu, si mwizi. Msimpige, nakuombeni."

Mama yangu, anayeamkiwa na mtaa mzima, anamwamkia kijana wa umri wa wajukuu zake. Na wenzake wote wanamsikia. Uso uliniwaka, nikatamani sakafu ya treni ifunguke.

"Anasema nini?" polisi akauliza.

"Anakusalimu."

Akainama juu ya simu, akatabasamu, akapunga mkono. "Halo!" Wala hakuwa mtu mbaya. Mama akangoja marahaba, macho kayakaza. Haikuja. Mtandao ukakatika.

Wakaniteremsha, abiria wakinitazama kupitia vioo. Ofisini pale kituoni niliwaonyesha picha ya pasipoti iliyokuwamo kwenye simu, wakapiga simu chuoni nilikokuwa nikijifunza, wakanionya, wakaniachia nipande treni iliyofuata. Nilimpigia mama nikamwambia yamekwisha. "Alhamdulillahi," akajibu kwa mkato, asiulize lolote.

Niliporudi Mafia nilikuta pilau limepikwa, majirani wamejaa uani kwetu. Nilidhani ni la kunikaribisha. Kumbe ni sadaka. Aliyeongoza dua alimshukuru Mungu kwa kunitoa kifungoni. Nikawaeleza kwamba sikufungwa, ni pasipoti tu niliisahau.

"Pole, mwanangu," jirani mmoja akaniambia, akinishika bega. "Yamepita hayo."

Kila nilivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Mama akaniwekea sahani yangu, nyama tele juu yake, bila kunitazama usoni. Nikainamisha kichwa, nikala.