Siku Anga Lilipochafuka Likasi

Miaka ile mishahara haikuja, lakini mimi bado nilikuwa na kazi ya kujivunia. Mtafiti mmoja wa Ulaya, aliyechunguza misukosuko ya anga la juu kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, aliacha kipokezi cha satelaiti juu ya paa la ofisi yetu ya upimaji wa ardhi, ili alinganishe anga la kule na la huku. Kila asubuhi nilibadilisha betri na kuandika daftarini satelaiti zilizopotea, yaani ambazo mawimbi yake yalikatika. Alinieleza kwamba jua likichafuka, vurugu hupiga nchani kwanza, na ikiwa kubwa hufika hadi kwetu, redio zikanyamaza siku moja au mbili. Wenzangu waliniita mlinzi wa mbingu. Walikuwa wananitania, na mimi kichwa kikavimba.

Ndipo watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa mjini kwetu Likasi, warudi kwao kwa treni. Mke wangu, naye Mkasai, alibaki kwa sababu mimi ni mwenyeji, lakini dada yake alilala stesheni na mtoto wake mchanga, chini ya turubai, kwa kuwa vijana wa mtaa wetu wa Kikula walishatuonya tusimfiche. Mumewe alikuwa ametangulia Mwene-Ditu, huko Kasai, kutafuta nyumba. Walikubaliana mke asipande treni mpaka aitwe kwa fonie, ile redio ya parokia ambapo kila familia ilipewa saa yake.

Saa yetu ilipofika, fonie ilitoa mvumo mtupu. Watu kwenye foleni walisema opereta anawabania Wakasai. Nilikasirika, nikakimbilia ofisini: satelaiti zilikuwa zinapotea moja baada ya nyingine. Nilirudi na furaha ya kijinga ya mtu anayejua. Stesheni nikakuta treni imeingia, watu wanapandia madirishani.

"Shemeji, weye njo unajua ile mashini," aliniambia dada wa mke wangu. "Nipande ao ningoye?"

"Ngoya," nilisema. "Kesho kutwa atakuita."

Treni ikaondoka. Kuhusu anga sikukosea. Kesho kutwa fonie ilisikika vizuri, na mumewe akauliza mbona hawakufika, siku ile aliwaita akidhani wanamsikia, nyumba ameshapata, amewatafuta behewa hadi behewa. Nilijua lini mbingu itatulia, nikasahau kwamba hakuna aliyejua treni nyingine itakuja lini. Zilipita wiki. Kuhara kukaingia stesheni, kukamshika mtoto. Tulimkimbiza hospitali, wakatuambia dripu hakuna. Kesho yake asubuhi nilipanda paani kubadilisha betri, kwa sababu sikuwa na kingine ninachoweza, na nilijichukia.

Mtoto alikufa siku hiyo hiyo. Shemeji hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu kwamba hawezi kumpa mumewe habari ile.

"Umuambie weye."

Nilikwenda parokia nikiomba, Mungu anisamehe, fonie ivume kama siku ile. Anga lilikuwa shwari. Nilisema mara moja tu, polepole, na nilijua kila neno limefika. Kwenye fonie mwenzako hawezi kujibu mpaka umpe zamu, kwa hiyo nikasema "à vous", nikaachia kitufe. Mimi na opereta tulikaa tukisubiri, mpaka familia iliyofuata ikabisha mlango.